Mficha Maradhi Si Mgonjwa Peke Yake: Afya ya Kazini na Kampuni za Kimataifa Pwani ya Tanga

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi matabibu tumezoea kumkumbusha mgonjwa methali hiyo. Makala haya yanaielekeza kwa kampuni kubwa za kimataifa, kwa kuwa nazo zaweza kuficha maradhi, hata pasipo mtu yeyote ndani yake kukusudia hivyo.

Mfano ulio karibu nasi ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki. Urefu wake ni kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, katika mikoa 8. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani mwezi Agosti 2017. Kampuni inayomiliki mradi ina wanahisa 4: TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yenye asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China yenye asilimia 8. Katika miradi ya aina hii, chini ya mmiliki huwapo wakandarasi wakuu, chini yao wakandarasi wadogo, na chini kabisa kijana anayechomelea vyuma au kuchimba mtaro.

Muundo huo hufanya kazi mithili ya mfumo wa neva. Maumivu ya kidole hayana budi kufika kwenye ubongo ili mtu atambue mwiba na kuung'oa. Mgonjwa wa kisukari aliyepatwa na ganzi ya miguu hutuambia kwamba hasikii maumivu yoyote, ilhali kidonda kinaoza ndani ya kiatu. Vivyo hivyo, makao makuu yanayopokea taarifa zisizo na ajali hata moja huenda hayana afya njema. Huenda yana ganzi.

Hatari hiyo si ya kubuni. Tarehe 23 Machi 2005, mlipuko katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, uliua watu 15 na kujeruhi wengine wapatao 180. Mwaka 2007 jopo huru lililoongozwa na James Baker lilieleza kwamba kampuni ilikuwa imeegemea mno takwimu za majeraha ya mfanyakazi mmoja mmoja, na kuzichukua kuwa kielelezo cha usalama wa mitambo yenyewe. Takwimu zilitia moyo. Mitambo haikuwa salama.

Takwimu za namna hiyo huzaliwa na utamaduni wa kazi. Kibarua mwenye mkataba wa miezi michache hana ujasiri wa kusema kwamba masikio yanavuma, akijua jina lake litaandikwa. Msimamizi anayeahidiwa zawadi kwa siku nyingi bila ajali hana hamu ya kuandika. Fomu ikiwa ya Kiingereza, na mchomeleaji akizungumza Kiswahili, ukimya hukamilika.

Juu ya hayo, mifumo ya taarifa haikutani. Ule wa kampuni hupanda kuelekea makao makuu ng'ambo. Ule wa MTUHA hupanda kutoka zahanati hadi wilayani, mkoani na Wizarani. Uziwi utokanao na kelele hujitokeza taratibu, na magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi pengine hujitokeza miaka mingi baada ya mkataba kwisha na mkandarasi kufungasha virago. Wakati huo mgonjwa atakuja Bombo, si Paris. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi inayatambua magonjwa ya kazini, lakini daktari atathibitishaje chanzo iwapo kipimo cha usikivu cha siku ya kwanza kazini hakipatikani?

Yapo majibu ya haki kwa upande wa kampuni. Nyingi huja na zahanati nzuri na viwango vya usalama vinavyozidi vya waajiri wengi wa hapa nchini. Tena siri ya mgonjwa ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inailinda. Hata hivyo, siri ni ya mgonjwa, si ya mwajiri. Haiwezi kuwa kisingizio cha kumnyima mwenyewe jalada lake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mfanyakazi, wa mkandarasi mdogo pia, akabidhiwe nakala ya vipimo vyake vya kuanza, vya katikati na vya kumaliza kazi, kwa Kiswahili. Pili, zawadi itolewe kwa anayeripoti hatari, si kwa kikosi kilichonyamaza. Tatu, muhtasari wa magonjwa na majeraha, usio na majina, uwasilishwe kwa mganga mkuu wa wilaya na kuingizwa katika takwimu za nchi. Nasi matabibu tumuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani, na alifanya ipi kabla yake, kisha tuandike jibu.

Haya yanawezekana sasa, wakati waajiri wangali hapa na majalada yangalipo. Mafuta yatakapoanza kupakiwa melini Chongoleani, vikosi vya ujenzi vitakuwa vimetawanyika. Kila mchomeleaji aondoke na karatasi yake mkononi.