Staa, kabla hujamchafua fundi, fungua gia boksi kwanza

Wiki hii nzima habari ya mtaani ni ile laivu ya staa wetu mmoja (jina nabaki nalo, mnamjua) akilalamika kwamba fundi kampiga. Anasema kabadilishiwa klachi ya Subaru yake, turbo, manual, na haijaisha hata miezi minne gari "inanguruma tu lakini haiendi". Akaonyesha mpaka sura ya fundi. Kuanzia siku hiyo dogo wa watu hana mteja, wanaokuja gereji wanakuja kumtukana.

Mimi simtetei mtu kwa sababu ni masikini. Ila nilishinda gereji ya mjomba miaka miwili baada ya kumaliza form four, kwa hiyo hili naliongea nikiwa nimeshachafuka oili.

Kwanza, kwenye dalili staa yuko sahihi. Klachi inateleza. Kazi ya klachi ni kubana, yaani presha pleti inaibana klachi pleti kwenye flaiwili ili nguvu ya injini ifike gia boksi. Ikishindwa kubana, mshale wa RPM unapaa halafu wa spidi unabaki palepale. Mara nyingi na harufu ya kuungua unaipata.

Shida inaanzia kwenye kupima. Kipimo cha mtaani ni kuvuta hendibreki, kuweka gia ya tatu, kuachia klachi. Injini ikizima, unaambiwa klachi nzima. Kwa gari yenye nguvu hicho kipimo hakitoshi kabisa, kwa sababu hapo injini iko chini, haijatoa moto wake. Klachi iliyochoka inaweza kuizima injini vizuri tu pale gereji, halafu ikateleza barabarani turbo ikishaamka.

Ukitaka ukweli, tafuta barabara iliyonyooka, haina watu wala magari. Weka gia ya nne, RPM iwe kama 2,000 au 2,500, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale ukiruka bila spidi kufuata, jibu unalo. Pima mara moja tu, maana kila ikiteleza unazidi kuichoma. Na usipime kwa gia ya kwanza, pale gari inasogea kirahisi na klachi haipati kazi yenyewe.

Sasa turudi kwa staa wetu. Video zake si ziko? Kuna ile anaondoka kwenye taa, injini inalia ile mbaya, anaachia klachi ghafla. Jamani, Subaru ile inavuta tairi zote nne. Gari ya kuvuta nyuma tairi zingesota kidogo zikapunguza mzigo, ila hii kwenye lami kavu tairi zinashika, kwa hiyo kinachoteleza ni klachi. Kuna nyingine anajisifu kaongezewa nguvu kwa kompyuta. Sawa, lakini klachi ya kawaida imetengenezwa kwa nguvu ya kawaida. Ukiongeza nguvu, na klachi uongeze. Na kuna ile ya foleni anajirekodi anaimba, mguu wa kushoto umelala kwenye pedeli muda wote. Kamguu kadogo hako kanapunguza kubana, klachi inakwisha taratibu.

Fundi naye si malaika. Kuna maswali lazima ajibu. Aliangalia sili ya injini kama inavuja oili? Flaiwili aliipeleka kuchongwa au alifunga pleti mpya juu ya flaiwili mbovu? Pedeli aliiachia nafasi yake? Na hiyo pleti alinunua wapi, maana feki zipo mjini, tusidanganyane.

Ndio maana nasema gia boksi ishushwe, wote wawili wakiwepo. Pleti ikikutwa imelowa oili, sili ilivuja na fundi alitakiwa kuiona. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu na vinyufa, huo ni moto, na mara nyingi moto huo unatoka kwenye mguu wa dereva. Kazi ya kushusha na kuangalia ni ya siku moja. Staa hakuwa na siku moja, alikuwa na simu.

Dogo ana familia na ana kodi ya fremu. Klachi inanunulika, jina lake akalinunue duka gani? Pleti ikitoka na oili, mimi wa kwanza kumsema fundi hapahapa. Ikitoka imeungua, staa nakuomba uingie laivu tena, watu walewale, uombe radhi kwa sauti ileile.

Wewe unaonaje, mwenye kosa nani? Dondosha komenti, ila matusi kwa fundi nafuta.