NYUMBA NA JAMAA: Vitabu Sita vya Likizo

Likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo ndefu kuliko zote katika shule za Uganda. Shule hufungwa Desemba inapoanza, na kwa kawaida hazifunguliwi tena mpaka Februari imekaribia au imeingia. Katika majuma hayo mtoto aliyezoea kusoma kila siku huweza kukaa bila kufungua kitabu hata mara moja, na mwalimu atakapompokea atakuta kwamba ulimi umekuwa mzito na macho yanasitasita juu ya maneno aliyoyajua vema mwezi wa Novemba. Kwa jamaa za askari hasara hiyo yaweza kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi likizo ndiyo wakati wa kufunga mizigo na kumfuata baba au mama aliyehamishiwa kituo kingine. Kwa siku moja mtoto huachana na mwalimu wake, rafiki zake na kabati la vitabu la shule yake. Kitabu kilichomo mkobani mwake ndicho mwalimu pekee anayesafiri naye.

Njia moja iliyopata sifa ya kuzilinda akili za watoto wakati wa likizo ni shindano la kusoma la msimu. Hapa hakuna jirani wa kushindwa. Msomaji hujiwekea ahadi kwamba kabla ya msimu kwisha atakuwa amesoma vitabu kadhaa, na kila kimoja kiwe kimechaguliwa kwa kufuata mada fulani: safari, kazi, vita, maisha ya mwanamke, na kadhalika. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1999, maktaba za umma zimekuwa zikiwaalika watoto wa shule za msingi kusoma vitabu sita katika likizo ya kiangazi, na kila mwaka shindano hupewa mada yake. Mwaka 2019, ilipotimia miaka 50 tangu binadamu kukanyaga mwezi, mada ilikuwa safari za angani. Mwaka 2023 ilikuwa michezo. La kuangaliwa ni kwamba mtoto wa huko halazimishwi kusoma vitabu vya mada hiyo tu. Mada humwita aingie maktabani. Akishaingia, rafu zote ni zake.

Vitabu sita ni kipimo kinachozifaa nyumba nyingi. Likizo ya majuma manane humpa msomaji juma moja kwa kila kitabu, na majuma mawili ya akiba kwa ajili ya ugonjwa, safari na sikukuu.

JINA LA KITABU LISIMDANGANYE MTU

Kosa la kwanza katika kuchagua ni kutazama jina lililo juu ya jalada na kudhani kwamba mada imekwisha kupatikana. Mwenye kutafuta habari za ufugaji wa nyuki hatazipata katika Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, wala mwenye mada ya maji hataridhika na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ambamo kiu inayosimuliwa ni ya mapenzi na ya mali. Gamba la Nyoka, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1979, hakihusu wanyama wa porini. Kinahusu kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa nchini Tanzania. Na Shamba la Wanyama, ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri kutoka kwa George Orwell, ina farasi, nguruwe na kuku kweli, lakini mzee akiisoma atatambua upesi kwamba habari yenyewe ni ya watawala na watawaliwa. Mtoto wa miaka 10 ataisoma kama hadithi ya wanyama, na baba yake ataisoma kama hadithi ya dunia. Wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa.

Hatari zaidi ni Rosa Mistika, kitabu cha kwanza cha Kezilahabi kilichotolewa mwaka 1971. Mama mcha Mungu huweza kukinunua kwa jina lake, akidhani ni kitabu cha sala. Kumbe ni habari ya binti aliyelelewa kwa ukali wa kupita kiasi, na alipofika shuleni akapata uhuru ambao hakufundishwa namna ya kuutumia. Wakati fulani kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na hakifai kupewa mtoto mdogo. Lakini kwa baba anayedhani kwamba binti hulindwa kama mahabusu, ni kitabu cha kusoma peke yake, polepole, na kukifikiri.

Basi kabla ya kitabu kuandikwa katika orodha, kisomwe kurasa mbili za mwanzo na ukurasa mmoja wa katikati, na aliyekwisha kukisoma aulizwe. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mwenye kuuliza huambiwa.

MADA SITA NA VITABU VYAKE

Mada ya kwanza iwe safari, kwa kuwa hakuna jamaa ya askari isiyoijua. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, humchukua kijana Kongowea kutoka Tanga mpaka Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kwa watu wazima ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Humo mtoto Yusuf anatolewa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya madeni ya baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara kwenda bara, katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza.

Mada ya pili iwe kazi. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inasimulia maisha ya wapakuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Aliyekaribia kustaafu naye asiiache Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, habari ya mtu aliyeacha kazi ya mshahara akachagua jembe.

Mada ya tatu iwe vita. Hapa Kinjeketile, mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969, una mengi ya kumwambia askari kuliko vitabu vingi vyenye milio ya bunduki. Mchezo huo unahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo watu wa kusini ya Tanganyika walipigana na Wajerumani wakiamini kwamba maji yatawakinga na risasi. Swali lake ni zito: imani iliyowaunganisha watu ikionekana kuwa na kasoro, kiongozi afanye nini? Kwa kuwa ni mchezo, jamaa yote yaweza kuusoma kwa sauti jioni, kila mmoja akichukua sehemu yake.

Mada ya nne iwe maisha ya mwanamke. Wasifu wa Siti binti Saad, pia wa Shaaban Robert, ni kitabu kifupi kinachomfaa hata msomaji mwenye shughuli nyingi. Kinaeleza jinsi binti wa kijijini Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu vya mama yake, alivyopanda kwa sauti yake mpaka nyimbo zake zikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Mwenye nguvu zaidi aujaribu utendi wa Mwana Kupona wa Pate, uliotungwa mwaka 1858 au karibu yake kwa ajili ya binti yake. Ashike chapa yenye maelezo ya maneno, kwa maana Kiswahili chake ni cha kale na cha kaskazini.

Mada ya tano iwe upelelezi, nayo itapendwa katika nyumba za polisi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, ndiyo iliyomjulisha Bwana Msa kwa wasomaji. Bwana Msa si askari. Hana cheo wala pingu. Ana kiko chake, macho yake na subira. Kijana anayetamani kazi ya upelelezi atajifunza hapo kwamba mhalifu hugunduliwa kwa kutazama na kufikiri kabla ya kukamatwa kwa mkono.

Mada ya sita iwe ushairi, ambao wengi huuruka kwa kuuogopa. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitolewa mwaka 1973, baada ya mtungaji huyo wa Mombasa kukaa gerezani tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mashairi hayo aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Mwenye kazi ya kulinda wafungwa na mwenye kazi ya kuwakamata wote wana haja ya kuisikia sauti itokayo upande wa pili wa mlango.

Kipo pia kitabu kinachoweza kujibu mada zaidi ya moja. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni kitabu cha haki, kwa kuwa Karama anasimama barazani kujitetea. Tena ni kitabu cha safari, kwa kuwa utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, na waliporudi na mawazo mema wakatupwa kifungoni. Lakini shindano likiwa la kweli, kitabu kimoja kihesabiwe chini ya mada moja tu.

KILA MSOMAJI NA KIMO CHAKE

Kitabu kikiafikiana na mada lakini kikamshinda msomaji, hakikuchaguliwa vema. Mtoto akikwama mara tano katika ukurasa mmoja, apewe chepesi zaidi, na kile kizito kisomwe na mkubwa kwa sauti naye asikilize. Kusikiliza nako ni kusoma. Apendaye mpira na hataki hadithi aachiwe kitabu cha mpira, maana mlango wowote humwingiza nyumbani.

Lipo jambo ambalo nyumba nyingi hulificha. Wapo wazazi, na wapo askari wenye vyeo, ambao kusoma kwao ni kwa shida, na kwa kuona haya hukaa mbali na kitabu mbele ya watoto. Shindano la nyumbani huweza kuiondoa haya hiyo bila kelele. Baba achague kitabu chembamba, asome ukurasa mmoja kila jioni, na mtoto amsaidie panapokwama. Mtoto aliyemsaidia baba yake kusoma hatamdharau. Atajua kwamba elimu haina mwisho, na kwamba hata mkubwa hujifunza.

ALIYE MBALI NAYE ASOME

Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wametumwa Somalia katika majeshi ya Umoja wa Afrika, na mzazi aliyekaa miezi mingi vitani hurudi akimkuta mwanawe amerefuka na amekuwa kama mgeni. Maneno huisha upesi: habari za shule, habari za afya, kisha kimya. Jamaa iliyochagua kitabu kimoja cha kusomwa pande zote mbili hupata la kuzungumza. Nakala moja ikipatikana nyumbani na nyingine ikaenda mkobani mwa askari, basi simu ya juma itakuwa na swali: je, Kongowea amemwona baba yake? Palipo na nakala moja tu, mtoto asome sura nzima mapema, kisha amsimulie mzazi kwa simu. Aliye mbali atakuwa bado anamlea.

KISWAHILI CHA AMRI NA KISWAHILI CHA KITABU

Katika kambi za Uganda Kiswahili ni lugha ya gwaride tangu enzi za King's African Rifles, na ni lugha inayowaunganisha majirani ambao mama zao hawakuzungumza lugha moja. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima mashuleni. Hata hivyo wapo raia wengi ambao masikioni mwao lugha hiyo bado ni ya mwenye bunduki, kwa sababu ya mambo yaliyopita. Mtoto wa kambini anayekijua Kiswahili cha amri na cha sokoni, kisha akakipata Kiswahili cha Siti na cha Bwana Msa, atakwenda shuleni akiwa na lugha ya kusimulia, ya kutania na ya kuomba radhi. Hayo hayafundishwi uwanjani.

UPATIKANAJI NA DAFTARI

Vitabu vina bei, na mshahara una mipaka. Nyumba sita zikiafikiana, kila moja inunue kitabu kimoja cha mada moja, kisha vitabu vizunguke kila Jumamosi. Kwa gharama ya kimoja kila nyumba itakuwa imesoma sita. Maktaba ya shule iombwe kabla haijafungwa, na ndugu anayesafiri kwenda Nairobi au Dar es Salaam apewe orodha mkononi.

Mwisho, pawe na daftari. Msomaji aandike jina la kitabu, mada, na sentensi tatu: kilihusu nini, kilimfurahisha wapi, na wapi hakukubaliana nacho. Sentensi ya tatu ndiyo itakayoonyesha kama kitabu kimesomwa, kwa kuwa muhtasari huweza kunakiliwa, lakini ubishi hauna pa kunakiliwa. Aliyesoma vitabu vitatu akavibishia amefaulu kuliko aliyeandika sita asivyovifungua. Na mzazi asitoe zawadi kwa hesabu, asije akamfundisha mtoto uongo kwa njia ya vitabu.

Orodha iandaliwe sasa, kabla ya shule kufungwa. Mada sita, vitabu sita, jina la kila msomaji wa nyumba, na la yule aliye mbali liandikwe la kwanza.