Trafiki Akibaki na Leseni Yako

Ndugu zangu wakulima wa Kalangalala na jirani zetu, leo naweka pembeni viwavijeshi na mbolea. Siku hizi nikipita mashambani naulizwa swali hili kuliko hata la dawa ya nyanya: je, trafiki anaruhusiwa kuninyang'anya leseni?

Mimi si mwanasheria. Ni afisa ugani ninayeshinda barabarani na pikipiki, na msimamo wangu ni huu: kuikagua leseni ni haki yake, kuiweka mfukoni mpaka ulipe si haki yake.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva awe na leseni na aionyeshe askari akiomba. Hapo usibishane, mpe. Akikukuta na kosa, kama kofia ngumu huna au umepakia mishikaki, ana njia yake: anakuandikia notification yenye namba ya malipo. Kwa bodaboda na bajaji faini ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Unalipa benki au kwa simu, na usipokubali kosa una haki ya kwenda mahakamani.

Wapo wanaosema leseni inashikiliwa ili mtu asikimbie deni. Hoja hii siielewi kabisa. Deni limeshaingia kwenye mfumo, na askari wa mbele yako akiangalia namba za pikipiki atalikuta. Sasa dhamana ya nini tena? Kadi ile umeilipia TRA kwa miaka mitano, halafu unaondoka bila hata karatasi inayoonyesha iko kwa nani. Ukisimamishwa kilomita mbili mbele, unaandikiwa kosa la kuendesha bila leseni. Yaani askari mmoja amekutengenezea kosa kwa mwenzake!

Na tuseme ukweli, leseni iliyoshikwa bila maandishi ndipo "ya chai" inapozaliwa. Mwenye matenga manne ya nyanya juani hana muda wa kuzungushwa. Atatoa elfu tano aondoke, Serikali isipate kitu na kosa lake lisirekodiwe popote. Mkulima naye atamkata dereva, au dereva atampandishia mkulima nauli. Mwisho wa yote hasara inarudi shambani.

Nisieleweke vibaya. Mahakama inaweza kumnyima mtu leseni. Polisi pia hutangaza kufungia leseni za madereva, hasa wa mabasi wanaokimbia kupita kiasi, lakini hilo hufanyika kwa uamuzi unaojulikana na kwa muda uliotajwa. Leseni ya kughushi nayo ni kielelezo cha kesi ya jinai, usitegemee kurudishiwa. Na kama huna leseni kabisa, makala hii haikuhusu, nenda kwanza chuo cha udereva. Bodaboda wengi wanaobeba mazao yetu wako kundi hili, na ndio wanaoogopa kuuliza chochote kizuizini.

Ikikukuta, zima pikipiki, ongea kwa upole, usimshike askari wala usimvutie kadi mkononi. Mwambie, "Afande, naomba uniandikie." Akikataa kuandika na kukurudishia, soma namba iliyo kwenye sare yake, kumbuka saa na mahali, kisha nenda siku hiyohiyo kwa mkuu wa kituo au kwa DTO wa wilaya ukaeleze. Ukiombwa fedha isiyo na namba ya malipo, piga TAKUKURU 113, ni bure.

Leo jioni piga picha leseni yako pande zote mbili uitunze kwenye simu. Haichukui nafasi ya kadi yenyewe, ila ukifika kituoni utakuwa na namba ya kuwatajia.