Baba naye aachiwe mtoto

Ushauri kwamba wazazi wapya watoke jioni wakale hotelini unawafaa wenye pesa na dada wa kazi. Kwetu wengi, mtoto anazaliwa nyumba imejaa mama mkwe, shangazi na majirani. Siku zote arobaini mzazi anakandwa maji ya moto, anapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na bibi. Ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini baba anahamishiwa sebuleni, na akigusa nepi anaambiwa hiyo si kazi yake. Wageni wakiondoka, mama keshazoea kulea peke yake, na baba keshazoea kuulizwa hela tu. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Sheria nayo haisaidii. Tanzania, likizo ya uzazi ya mama ni siku 84, ya baba siku 3. Wenzetu wa Kenya humpa baba wiki 2.

Kina baba, chukueni kazi moja ya mtoto iwe yenu kila siku, hata kumbeba usiku akishanyonya ili mama alale. Wiki ya sita nendeni wote kliniki, muulize kuhusu tendo la ndoa na uzazi wa mpango badala ya kununiana chumbani. Mama akishinda analia zaidi ya wiki mbili, hadeki. Huenda ni sonona, mpelekeni hospitali.

Na nyie mabibi, tunawashukuru, ila mwacheni baba amshike mwanawe.