Ngozi yenye mafuta si ngozi chafu

IKIWA uso wako hung'aa mafuta kabla ya saa sita mchana, na kila juma unakuletea chunusi mpya, bila shaka umekwisha kupewa dawa za kila aina mtaani. Mmoja amekwambia upake maji ya limau. Mwingine amekushauri ujipanguse kwa spiriti ya kusafishia vidonda. Wa tatu ameapa kwamba dawa ya meno ikilala juu ya chunusi usiku kucha, asubuhi utaamka huioni tena. Wote hawa wana nia njema, na wote wanafuata ule usemi wa wahenga kwamba dawa ya moto ni moto.

Usoni mambo si hivyo. Leo nataka tuzungumze juu ya tona laini ya mimea, yaani yale maji mepesi ya kupangusia uso baada ya kunawa. Tutatazama kazi yake, mahali ambapo uwezo wake unakomea, na jinsi upole wake unavyoweza kumwepusha kijana na madhara yaliyo makubwa kuliko chunusi zenyewe.

Mafuta hutoka ndani

Kwanza tuondoe aibu. Ngozi yenye mafuta si ngozi chafu. Chini ya ngozi kuna vifuko vidogo vinavyotengeneza mafuta ya kuilainisha na kuikinga. Mtoto anapobalehe, homoni za mwili huvichochea vifuko hivyo vifanye kazi kwa wingi, hasa kwenye paji la uso, pua na kidevu. Mafuta hayo yakichanganyika na chembe za ngozi zilizokufa, huziba vile vitundu vidogo vya ngozi. Bakteria wanaoishi humo siku zote huongezeka, ngozi inavimba, na chunusi inatokea.

Kwa hiyo anayejisugua kwa sabuni ya kufulia mara tano kwa siku anapigana na kisichokuwepo. Chanzo kiko ndani, wala kitambaa hakikifikii. Ataondoa mafuta ya juu, lakini saa chache baadaye yatakuwa yamerudi. Atakachobaki nacho ni ngozi iliyochubuka, inayowasha na kuvimba upesi zaidi.

Limau na spiriti

Tazama hesabu hii ndogo. Wataalamu hupima ukali wa vitu kwa kipimo cha asidi kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi huwa 7. Ngozi yenye afya huwa karibu 5, asidi kidogo tu, na hali hiyo huisaidia kujikinga. Sabuni nyingi za kawaida za kipande hufika 9 au 10. Maji ya limau ni karibu 2. Basi mtu anayenawa kwa sabuni kali kisha akapaka limau ameirusha ngozi yake kutoka pembe moja hadi nyingine kwa dakika tano.

Limau lina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Ndani ya limau na ndimu mna kemikali ambazo, zikiwa juu ya ngozi na jua likazipiga, huweza kuiunguza ngozi na kuacha alama nyeusi kwa majuma au hata miezi. Kijana aliyetaka kuondoa doa moja huishia kuwa na mabaka.

Spiriti nayo hukausha. Ule ubaridi na mchomo unaosikia si ishara kwamba dawa inafanya kazi. Ni ngozi inayokulalamikia.

Kazi ya tona

Zamani tona nyingi zilitengenezwa kwa pombe nyingi ili zikate mafuta na kuondoa mabaki ya sabuni. Siku hizi kuna zilizo laini, zisizo na pombe, zilizotengenezwa kwa maji ya maua, majani au utomvu wa mimea. Kazi yake ni tatu: kuondoa mabaki ya sabuni, mafuta na vumbi, kuituliza ngozi, na kuiachia unyevu kidogo kabla ya kupaka mafuta ya uso. Kwa wale wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoki vizuri kwayo, faida hiyo ya kwanza si ndogo.

Usidanganywe na maandishi ya chupani kwamba tona "hufunga" vitundu vya ngozi. Vitundu hivyo si milango. Havina misuli ya kuvifungua na kuvifunga. Mafuta na uchafu vikipungua vitaonekana vidogo, basi. Tena tona haiponyi chunusi. Ni msaidizi wa sabuni laini, na ni mwandani wa dawa pale dawa inapohitajika.

Mimea iliyo karibu nawe

Maji ya waridi ndiyo yanayojulikana zaidi. Kule Mombasa na Lamu, wageni wa arusi wamenyunyiziwa kwa mrashi vizazi na vizazi. Ng'ambo ya bahari, kwenye milima ya Jabal Akhdar huko Oman, mawaridi huchumwa kati ya Machi na Mei, yakachemshwa na mvuke wake ukakusanywa ukawa maji. Maji ya waridi halisi hutokana na mvuke huo. Yale ya rangi nyekundu yanayotiwa katika vitamutamu mara nyingi ni harufu na rangi tu, yaache jikoni. Na ikiwa uso wako hukasirishwa na manukato, chagua kitu kingine.

Chai ya kijani hutoka kwenye mchai ule ule uliopandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903. Tofauti yake na chai nyeusi ni namna majani yanavyotayarishwa. Uchunguzi uliofanywa, ingawa kwa watu wachache, umeonyesha kwamba losheni zenye chai ya kijani huweza kupunguza chunusi kiasi. Ukitaka kujaribu nyumbani, tia mfuko mmoja wa chai hiyo katika kikombe cha maji yaliyochemka, acha yapoe kabisa, bila sukari wala maziwa, kisha mimina katika chupa safi yenye kifuniko. Weka kwenye friji na uyamwage baada ya siku mbili. Hayana dawa ya kuyahifadhi, na maji yaliyochacha usoni ni balaa jipya.

Mshubiri nao hutuliza. Lakini tumia ule ute mweupe unaopitisha mwanga peke yake. Ukikata jani, lisimamishe kwanza ili maji ya manjano yatiririke yaishe, kwani hayo huwasha.

Kumbuka pia kwamba neno "asili" halina maana ya "pole". Upupu nao ni wa asili, na aliyeukanyaga anajua. Mmea mmoja wa vichakani mashariki mwa Marekani Kaskazini, uitwao witch hazel, hutumiwa sana katika tona, na sura yake kwenye chupa ni ya kutuliza. Hata hivyo, maji yake yanayouzwa mara nyingi huwa na pombe asilimia 14. Kwa hiyo geuza chupa usome nyuma. Viungo huandikwa kwa mpangilio, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta neno "alcohol" au "alcohol denat" karibu na mwanzo, au "parfum", irudishe rafuni.

Namna ya kutumia

Kabla ya yote, ijaribu. Paka kidogo kwenye kiwiko upande wa ndani, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Pasipowasha wala kuvimba, endelea hivi:

Nawa uso mara mbili kwa siku, na baada ya kutoka jasho jingi, kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Tumia vidole, si dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo lako mwenyewe lililo safi.

Tia tona kidogo kwenye pamba, au kwenye viganja vilivyonawiwa, kisha uiguse ngozi taratibu. Epuka macho na chunusi iliyopasuka. Anza mara moja kwa siku, jioni. Ikikuchoma, acha.

Uso ukikauka, paka mafuta mepesi ya uso yasiyoziba ngozi. Ndiyo, hata mwenye ngozi ya mafuta anahitaji unyevu. Mchana, jipake mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, kwa sababu jua huzidisha weusi wa madoa. Nawe uliye na mazoea ya kujaza mafuta mazito kichwani, tazama paji lako la uso. Huenda chunusi zilizojipanga hapo zinateremka kutoka kwenye nywele.

Doa jeusi na mtego wa krimu

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Ngozi nyeusi ina baraka nyingi, ila ina kumbukumbu ndefu. Ikivimba au ikichubuka, huacha doa jeusi ambalo hukaa muda mrefu baada ya chunusi yenyewe kupona. Kila mara unapokamua chunusi, unapoiunguza kwa limau au spiriti, unaongeza madoa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kijana humaliza chunusi, akabaki na madoa, akaenda kwenye kibanda na kuuziwa krimu ya kuyaondoa upesi. Nyingine kati ya krimu hizo huwa na steroidi kali. Juma la kwanza uso hung'aa, rafiki wakasifu. Kadiri miezi inavyopita, ngozi hupungua unene, mishipa huanza kuonekana, na chunusi za aina mpya hujaa. Akiacha, uso unawaka moto. Akiendelea, unazidi kuharibika. Nyingine huwa na zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa huko Japani mwaka wa 2013, uliweka mwaka wa 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki ya kupita kiwango kidogo mno. Lakini za magendo bado hupatikana. Usinunue krimu isiyo na orodha ya viungo, wala iliyopimwa kwenye kopo lisilo na jina, wala isiyo na alama ya ubora ya KEBS. Ukiona neno "mercury" au "calomel", iache pale pale. Na kama umekuwa ukitumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu, usiiache kwa ghafla. Mwone daktari akuongoze.

Unaona sasa kwa nini ninasisitiza upole? Kila doa ambalo halikutokea ni sababu moja iliyopungua ya kuingia katika mtego huo.

Dawa ikihitajika

Zipo dawa za kweli za chunusi. Katika duka la dawa lililosajiliwa, mwulize mfamasia juu ya benzoili peroksaidi, asidi ya salisili au adapalini. Dawa hizi hukausha, kwa hiyo anza polepole na usizichanganye bila ushauri. Mjamzito asitumie adapalini, na aulize kwanza kabla ya kutumia nyingine yoyote. Zipe dawa majuma sita hadi manane kabla ya kuzihukumu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu ndani kwa ndani au zinazoacha makovu, usingoje. Mwone daktari wa ngozi.

Wazazi nanyi

Mzazi, usimwambie mtoto wako kwamba hanawi, wala usimwambie, "Ni ujana, itaisha." Chunusi za wengi hupungua umri ukisonga, lakini makovu hubaki. Msichana anayekataa kupigwa picha, au mvulana anayeinamisha kichwa darasani, hadekezwi akinunuliwa sabuni laini na chupa moja ya tona. Anasikilizwa. Na asiposikilizwa nyumbani, atasikilizwa na mwenye kibanda.

Basi Jumapili hii, fungua kabati la bafuni na ukague kila chupa na kila kopo. Limau lirudi jikoni, spiriti irudi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na krimu isiyo na jina itoke nyumbani. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.