Kazi za Mikono: Kuchagua Vipande vya Kuunga Gumegume

Juma lililopita alinijia Sajini mmoja mstaafu wa polisi, mkazi wa hapa Mbarara, akiwa na picha tatu na swali moja. Picha hizo zilitoka kwa shemeji yake, kijana aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akajifunza useremala huko, kisha akapelekwa Marekani kuanza maisha mapya katika mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania. Kila picha ilionyesha sanduku la vipande vya bunduki ya kushindilia ya zamani: mtutu mrefu, mti wa kitako, mtambo, mdeki na mapambo ya shaba. Kijana alitaka kujua anunue sanduku lipi, aliunge kwa mikono yake mwenyewe, kisha amletee baba yake Nakivale.

Hilo la mwisho nalijibu kwanza, kwani wengi wenu ni askari na mngenishangaa nikilipita. Asilete. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 yataka cheti kwa mwenye bunduki, na yakataza mtu kuunda silaha bila leseni. Bunduki haiachi kuwa bunduki kwa sababu inashindiliwa kwa mdeki. Huko Marekani mambo ni tofauti. Sheria yao kuu ya mwaka 1968 haihesabu bunduki za kushindilia za namna hii kuwa silaha za kawaida, ndiyo maana sanduku laweza kununuliwa kwa posta. Hata hivyo kila jimbo lina kanuni zake, na kijana angefanya vema kuuliza kituo cha polisi cha mtaani kwake kabla ya kutoa fedha.

Afande Sajini alinyamaza kidogo, ndipo akanieleza kwa nini jambo hili limemgusa. Mzee, yaani baba mkwe wake, alikuwa mwindaji huko Kivu. Alikuwa na gobore alilorithi, naye aliliacha nyuma siku walipokimbia, kwa kuwa hakuna avukaye mpaka kuomba hifadhi akiwa na bunduki begani. Tangu hapo hulitaja gobore hilo kama mtu atajavyo ng'ombe aliyempenda. Kijana anataka kumrudishia baba yake kitu. Nia ni njema, lakini zawadi itakayomfikisha mzee mahakamani si zawadi.

Basi na aiunge huko huko, na picha za kila hatua zije Nakivale. Wala hakukosea mahali pa kujifunzia. Lancaster na wilaya za jirani ndiko mafundi wa Kijerumani na Kiswisi walikoiendeleza bunduki hii ndefu katika karne ya 18, ingawa ulimwengu umezoea kuiita bunduki ya Kentucky. Mzee ataona mara moja kwamba si gobore lake. Gobore lina mtutu laini ndani, ilhali hii ina mifereji inayozunguka, ambayo huipa risasi mzunguko ikaenda mbali bila kuyumba. Tofauti hiyo iliwahi kuwa jambo la mataifa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki zenye mifereji zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Kwa hiyo babu zetu walibaki na gobore kwa kuamuliwa na watu waliokaa mezani mbali sana na hapa.

Sasa masanduku. La kwanza, lililo rahisi kuliko yote, limetoka kiwandani Hispania. Matundu yamekwisha kutobolewa, mtutu una mhuri wa majaribio, na kazi iliyobaki ni kupiga msasa, kupaka rangi na kukaza skrubu. Lakini mti wake ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati, na seremala wa kweli hatalala usingizi akiutazama ule muungo. La pili limekatwa kwa mashine ziongozwazo na kompyuta. Mti wake ni wa maple, kipande kimoja tangu kitako hadi mdomo wa mtutu, na kila chuma kimechimbiwa mahali pake. Bei yake ni mara kadhaa ya lile la kwanza. La tatu ni mti uliochongwa nusu pamoja na vyuma vya mafundi mbalimbali. Hilo hudai kutoboa, kulehemu na kuchimba kwa mamia ya saa.

Kijana, kwa kuwa ni seremala, moyo wake umeelekea la tatu. Namwelewa, lakini asilianze hilo. Kuijua mbao si kujua kuzamisha chuma ndani ya mbao. Askari aliyezoea kufungua na kuunga bunduki ya kisasa kwa dakika chache husahau kwamba vipande vyake vilizaliwa vikiwa sawasawa. Hapa chuma hupakwa masizi ya kibatari, hukandamizwa kwenye mti, huondolewa, na palipoachwa weusi ndipo panapokwanguliwa kidogo. Kisha tena, na tena. Patasi ikipita kiasi mara moja, pengo halizibiki. Achukue la pili kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, asubiri mshahara wa miezi mingine kuliko kukimbilia la kwanza.

Katika kuchagua asidanganywe na shaba inayong'aa. Roho ya gumegume ni mtambo. Nyundo inapoangusha jiwe, cheche ziangukie ndani ya kisahani cha baruti, zisitawanyike hewani. Na chuma kinachopigwa kiwe kimetiwa ugumu barabara. Mtambo wa fataki ni mwepesi zaidi kwa mwanafunzi, lakini akipenda kuwinda paa baada ya Krismasi, msimu wa pekee wa Pennsylvania uliokuwapo tangu mwaka 1974 ni wa gumegume.

Na baruti iwe nyeusi tu, au ile iliyotengenezwa mahususi badala yake. Baruti ya risasi za kisasa, hata kipimo kidogo, hupasua mtutu wa namna hii na kuchukua vidole au macho ya mpigaji. Wenzetu wa doria waliowahi kukamata magobore yaliyoundwa kwa mabomba wanajua majeraha yanavyokuwa.

Nilipokuwa narudisha picha nilimwuliza Sajini swali ambalo kijana hakulijibu: anatumia mkono gani? Akacheka, akasema shemeji ni wa kushoto, hata randa huishika kinyume. Masanduku yote matatu pichani yana mtambo upande wa kulia. Mtu wa kushoto akilenga kwa bunduki hiyo, kisahani na moto wake viko upande wa uso wake. Aandike upya kwa muuzaji, aombe mtambo wa kushoto na mti wa kushoto, hata kama ataambiwa angoje.