Mkanda Umekauka, Moto Haujazimika

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hiyo nimeielewa vema nyumbani kwa shangazi yangu hapa Kakamega, ambaye sisi Waluhya twamwita senje.

Senje alishikwa na ule ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimtoka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto. Majirani walifika, lakini badala ya kumhimiza aende hospitali, walikodolea macho ncha mbili za mkanda, kwani tangu utotoni tumeambiwa kwamba zikikutana mgonjwa hufa. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Ncha hazikukutana. Malengelenge yakakauka, watu wakampa pole, wakarudi mashambani kwao.

Kumbe taabu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza! Mwezi wa nne ulimkuta bado analala ameketi, kwa kuwa hata shuka ikimgusa ilimchoma kama kaa la moto. Katika harusi moja huko Shinyalu, ngoma ya isukuti ikilia, yeye ambaye zamani hakupitwa na ngoma alikaa pembeni ameishika blauzi kwa vidole isimguse ubavu. Nikamsikia mtu akisema, "Kidonda kimepona, sasa analilia nini? Anataka kubembelezwa tu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo tunapokosea. Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya tetekuwanga, ile tuliyougua utotoni. Tetekuwanga ikipoa, virusi hivyo havitoki mwilini, bali hujificha katika mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo. Kinga ya mwili ikipungua kwa uzee, au kwa maradhi kama UKIMWI, huamka na kuifuata neva hadi kwenye ngozi. Kila neva ina upande wake, ndiyo maana kwa kawaida mkanda hukomea katikati ya mwili. Hakuna hukumu ya kifo katika ncha zake. Ngozi hupona, lakini neva iliyojeruhiwa huendelea kupeleka ubongoni habari za moto usiokuwapo. Maumivu hayo yakipita miezi 3, tusitarajie yaondoke kwa pole za majirani.

Daktari alimwandikia senje amitriptilini kidogo, ameze kila usiku. Kijana mmoja wa nyumbani akasoma karatasi ya dawa, akaona imeandikwa kuwa ni ya wagonjwa wa sonona. Basi nyumba nzima ikachacha: "Kumbe wamemwona senje ana wazimu!" Vidonge vikafungiwa kabatini majuma mawili, na mama wa watu akateseka kwa ajili ya fahari yetu.

Ukweli ni kwamba dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, hupunguza kelele za neva. Huchukua majuma kadhaa kufanya kazi, nayo huweza kukausha kinywa na kuleta usingizi, hivyo mzee aitumie kwa uangalizi wa daktari. Iko pia gabapentini, na iko krimu iliyotengenezwa kwa ukali wa pilipili, ambayo hupakwa ngozi ikiwa imekwisha kupona. Lakini asije mtu akachuma pilipili shambani akamsugua mgonjwa! Na mwenye mkanda mpya asingoje. Asikloviri hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 tangu vipele kutokea.

Senje sasa anameza dawa yake. Hajapona kabisa, ila usiku hulala amejinyoosha.

Sisi watu wa Kakamega twajua sana kukesha matangani na kulia na wafiwa. Yafaa basi tujifunze kumsadiki na aliye hai, anapotuambia kwamba anaumwa mahali ambapo macho yetu hayaoni kidonda.